Bi Mwisho na Simu ya Chumbani

Mtaani walimwita Bi Mwisho, kwa sababu hakuna bei wala sharti alilowahi kutajiwa asilijibu kwa neno hilohilo: "Mwisho?" Akishauliza, alinyamaza. Wengine hudhani biashara iko mdomoni. Yeye alijua iko kwenye kimya. Muuzaji ukimwachia kimya hujipunguzia mwenyewe, kama mtu anayejikuna upele. Kwa kimya hicho alianza na cherehani moja mbovu, akapanda, akashuka, akapanda tena, hadi akawa dalali wa mashine za kushonea ambaye mafundi wa mbali walimtafuta wenyewe. Duka hakuwa nalo. Alikuwa na meza sebuleni, kompyuta, na intaneti iliyoingia ndani kwa waya wa simu ya mezani.

Intaneti hiyo, kwa kukatikakatika kwake, ndiyo iliyomfanya asitulie, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Simu za mkononi hazikuwa za kutegemewa: nyumba ilikuwa bondeni, nyuma ya ghorofa refu, na mtandao wake ulipatikana kwenye dirisha la jikoni tu, tena uegemee sinki.

Siku moja mwenye kiwanda cha kushona sare, katika mji mwingine, aliamua kufunga kazi. Mashine zote zilikuwa zinauzwa kwa mkupuo, na Bi Mwisho akapewa nafasi ya kwanza. Lakini mzee yule alikuwa mtu wa macho. "Nisiyemwona uso simuuzii hata sindano," alisema, kwa hiyo wakaonana kwenye kompyuta. Kuhusu bei walielewana mapema. Kilichobaki ni kazi yenyewe: nani afungue mashine sakafuni, nani azisafirishe.

"Mnunuzi afungue, apakie, asafirishe," mzee alisema. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Mwisho?" Bi Mwisho akauliza, akanyamaza.

Taa ya modemu, ile ya kijani, ikawa nyekundu. Uso wa mzee ukaganda mdomo wazi.

"Imekatika," Bi Mwisho akasema, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima.

"Pole, mwanangu," mama mkwe akaitikia kutoka chumba cha nyuma. "Ngoja niangalie."

Ikarudi, ikakatika. Bi Mwisho akalalamika, mama mkwe akampa pole, ikarudi, ikakatika tena. Ilipokaa sawa, mzee alikuwa ameshavaa kofia ya kutokea.

"Mama, mimi naweka sharti, wewe unanizimia uso?"

"Sikuzima, mzee wangu. Ni laini."

"Wote husema laini. Kesho alasiri nakupa nafasi ya mwisho. Ukinipotea tena, nampigia Mpole."

Mpole alikuwa dalali mwenzake, mtu wa kutabasamu hata anapokukanyaga. Mashine zile akizipata yeye, mafundi wote wangehamia kwake, na wateja wakishahama hawarudi kukusalimia.

Asubuhi Bi Mwisho aliamka na vita. Alihamisha modemu kutoka mezani hadi juu ya kabati, akairudisha mezani. Akazima jokofu. Akapuliza vumbi. Akabadilisha kiti, ingawa hakujua kiti kinahusikaje. Kurasa ziliendelea kufunguka kwa kujikongoja. Mwishowe akaenda kuegemea sinki, akapiga simu kwenye kampuni.

"Kwa upande wetu laini yako inaonekana nzima, dada," binti wa huduma kwa wateja akasema.

"Mdogo wangu, upande wenu mimi sikai. Nakaa upande huu."

"Umejaribu kuzima modemu na kuwasha?"

"Nimeizima mpaka inaniogopa."

Binti akacheka. "Basi nitakuandikia fundi. Atakuja wiki ijayo."

"Mwisho?"

Kimya kikaingia. Upande wa pili kilisikika kiti kikisogea, kisha kikohozi kidogo. Binti yule hakuwa amefundishwa kukaa na kimya.

"Unajua nini, dada," akasema kwa sauti ya chini, "fanya hivi. Tafuta kiboksi ambacho waya wa nje unaingilia nyumbani. Chomoa kila kitu kilichoungwa kwenye laini, simu zote, kisha chomeka modemu hapohapo. Ikikimbia vizuri, ujue ugonjwa uko ndani kwako. Halafu rudisha kimoja kimoja. Kitakachoiharibu ndicho mchawi wako."

Kiboksi kilikuwa karibu na mlango wa mbele, nyuma ya miavuli. Bi Mwisho alichomoa simu ya sebuleni, akachomoa waya uliokwenda chumba cha nyuma, akachomeka modemu hapo, akapandisha kompyuta juu ya rafu ya viatu. Ukurasa ukafunguka kabla hajanyanyua kidole. Akafungua mwingine, na mwingine, akichuchumaa kati ya ndala na viatu vya mvua kama mtu aliyeokota dhahabu jalalani. Taa ilibaki kijani.

Basi aliona ameshinda. Angekaa pale pale mlangoni hadi alasiri, biashara ikiisha angerudisha nyaya. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri hadi mama mkwe alipotokea, amebeba simu yake nzito kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Simu yangu haina mlio."

"Nimeichomoa, mama. Niazime laini leo tu."

"Leo tu ndivyo mlivyosema mlipochukua kabati langu."

"Mama, nina mzee wa mashine alasiri."

"Na mimi nina dada yangu alasiri. Umesahau simu ilipokufa tusijue? Alipiga, akapiga, akaamini nimekwenda. Akaja hapa na nguo za msibani na sufuria za kukodi. Nikamfungulia mlango mwenyewe, akazimia. Unataka afe yeye sasa?"

"Hafi mtu kwa siku moja."

Mama mkwe hakujibu. Alisimama tu, simu kifuani, akamtazama. Bi Mwisho akahimili kidogo, kisha akainamisha macho kwenye viatu. Bidhaa ile aliijua. Alikuwa akiiuza kila siku. Hakuwa amewahi kuuziwa.

"Haya, tuirudishe," akasema.

Akachomeka simu ya sebuleni: taa kijani. Akaunganisha waya wa chumba cha nyuma na kumrudisha mama mkwe na simu yake. Akarudi mbio mlangoni: kurasa zimeanza kujikongoja. Taa bado kijani, ingawa ilikuwa ikipepesa.

"Inua mkono wa simu, mama," akaita.

Nyekundu.

Bi Mwisho akaenda hadi mlango wa chumba, akaegemea fremu.

"Mama, jana niliposema imekatika, ukasema unaangalia. Ulikuwa unaangalia nini?"

"Laini. Ninainua nisikilize kama mlio upo. Ukilalamika tena, nainua tena." Mama mkwe akarekebisha khanga. "Na kabla ya dada kupiga huwa naisikiliza pia, nisije nikakutwa imekufa tena. Jana ulipoanza kuzungumza na huyo mzee ndiyo nilikuwa naisikiliza."

Bi Mwisho akageuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinki, akampata binti yuleyule, akamweleza.

"Hiyo simu ya chumbani ina kichujio?" binti akauliza. "Kidude cheupe, kama kiberiti. Kinakaa kati ya waya wa simu na tundu la ukutani, kinatenga sauti na intaneti. Kila simu lazima iwe na chake. Modemu ilikuja na viwili."

Cha sebuleni kilikuwepo, ukutani. Cha pili Bi Mwisho alikikuta katika kopo la misumari la mumewe, ndani ya plastiki yake, hakijaguswa. Mumewe, dereva wa lori, ndiye aliyevuta nyaya zote za nyumba ile, na hadi leo alijisifia kwamba hakumwita fundi.

"Hicho usikiguse," mama mkwe akaonya. "Ni akiba. Mwanangu alisema kimoja kinatosha, hicho kingine tukitunze kisiharibike."

Nyumba ile ndivyo ilivyokuwa. Sahani nzuri zilikaa kabatini zikisubiri zile mbaya zivunjike, na makochi yalikuwa bado na nailoni za dukani. Bi Mwisho alirarua plastiki kwa meno.

Alasiri ilipofika, meza ilikuwa imerudi sebuleni na mzee wa kiwanda alionekana hadi mikunjo ya shingo, kikombe mkononi, mkewe pembeni yake.

"Sharti ni lile lile. Unafungua, unapakia, unasafirisha."

"Mwisho?"

Akanyamaza, macho hayapepesi. Mzee akasubiri. Akagonga kioo kwa kucha. Akamgeukia mkewe.

"Imeganda tena. Si nilikwambia? Mtandao wa huyu mama ni kama mbuzi mgonjwa."

Bi Mwisho hakutikisika.

"Na ulivyokuwa tayari kumfungulia mashine mwenyewe," mke akasema.

"Ningefanyaje? Mwenye jengo anataka sakafu yake wazi. Mafundi wangu bado wapo, wangezifungua hata kesho. Haya, nipe namba ya Mpole."

Mlango wa chumba cha nyuma ukalia. Mama mkwe akaingia taratibu, akasimama nyuma ya kiti, uso wake ukaingia kwenye picha.

"Laini nzima, mwanangu. Nimeisikiliza. Mbona umekauka kama picha ya ukutani?"

Kikombe cha mzee kikabaki njiani.

"Kumbe unanisikia."

"Tangu mwanzo, mzee wangu," Bi Mwisho akasema. "Pamoja na mbuzi."

Mke wa mzee akajifunika mdomo. Mzee akaweka kikombe chini, akaangalia pembeni, akaangalia mbele.

"Nitafungua mimi. Kupakia na usafiri ni juu yako."

"Mwisho?"

"Mama, usinianzie tena. Mwisho."

Simu ya chumbani ikalia. Bi Mwisho alishtuka, akageukia modemu. Taa ilikaa kijani, na mama mkwe akaondoka akiburuta ndala kwenda kumhakikishia dada yake kwamba bado yu hai.

Walipoagana na mzee, Bi Mwisho alikwenda kwenye sinki na kumpigia mumewe.

"Ukishashusha mzigo, usirudi na lori tupu. Nina mashine za kubeba."

"Laini imetulia?"

"Imetulia. Nimetumia ile akiba yako."

Upande wa pili injini ya lori ikazimwa.

"Sasa kile kingine kikiharibika," mumewe akauliza, "tutaweka nini?"