Gari Jeupe na Shahada ya Vijana

Saa nne na dakika ishirini asubuhi gari jeupe la milango minne, lenye antena ndefu mbele, liliiacha barabara kuu ya Iringa pale Mikumi, likapita nyuma ya vibanda vya vitunguu na kusimama mbele ya ghala kuukuu la pamba. Nilikuwa mlangoni, nimevaa tai. Ndani ya ghala walikuwamo vijana wanne. Mwongozo wa chuo ulitaka wasipungue kumi na watano.

Inanipasa nieleze kwanza mtu wa umri wangu alifikaje mlangoni pale.

Nilizaliwa Magomeni, Kilosa, katika nyumba ambayo babu aliijenga baada ya kuchoka kukata mkonge. Baba alifanya kazi reli. Mimi niliishia darasa la saba, nikawa karani wa stoo katika shamba la mkonge, na kwa kuwa stoo ya mkonge haina mambo mengi, nilisoma. Nilianza na magazeti yaliyofungiwa vipuri, nikafika hadi mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi, kama vilivyouzwa vitu vingi miaka ile ya soko huria, nilipunguzwa kazini siku moja na mizani ya stoo.

Kwa kiinua mgongo changu mke wangu alitaka tununue mashine ya kusaga. Mimi nikajiandikisha shahada. Chuo kilifundisha kwa njia ya posta, na shahada yenyewe ilikuwa ya ualimu pamoja na kazi za vijana. Niliichagua kwa sababu za kimantiki. Nchi ilikuwa na upungufu wa walimu na wingi wa vijana, kwa hiyo mtu mwenye fani zote mbili asingekosa la kufanya. Nilimweleza hivyo mke wangu.

"Una miaka arobaini na sita," akasema. "Hao vijana utawakimbiza, au watakukimbiza?"

Mwaka wa tatu ulikuwa wa mazoezi ya vitendo. Kila mwanafunzi alitakiwa aunde kikundi cha vijana mbali na kwake, akutane nacho mara moja kwa wiki, na mwishoni mhadhiri aje kutazama kikao kimoja na kutoa alama. Mwongozo ulikuwa na masharti mawili ambayo hayakuwa na mjadala. Kikao chenye watu pungufu ya kumi na watano hakihesabiwi. Na mwanafunzi atakayewalipa washiriki mazoezi yake yanafutwa, kwa kuwa kijana aliyelipwa hashiriki, ameajiriwa. Sharti hilo la pili niliona lina akili, na mpaka leo naona hivyo. Aliyeshindwa kwa lolote kati ya hayo alirudia mwaka uliofuata kwa ada mpya. Kwangu mimi kurudia kulikuwa na maana ya kuacha, maana kiinua mgongo kilikuwa kinaishia, na mke wangu alishatamka kwamba shilingi inayofuata ni ya mashine.

Nilichagua Mikumi kwa kuwa malori husimama pale, na yanaposimama malori hawakosekani vijana. Nilichosahau kupima ni kwamba Mikumi walikuwa wamenitangulia watu wa miradi. Kulikuwa na mradi wa tembo, mradi wa msitu, mradi wa malaria na mradi wa vyoo, na kila mradi ulikuja na gari jeupe, semina na posho. Vijana wa pale walikuwa wamehudhuria semina nyingi kuliko mimi niliyekuwa nazisomea.

Kiongozi wao alikuwa Mwenyekiti wa Vijana, mwanamume wa miaka arobaini kasoro kidogo, mwenye mvi pembeni mwa masikio na mtoto wa kwanza kidato cha pili. Alikuwa mtu mstaarabu sana. Alikuwa na fulana ya kila mradi, na alivaa kulingana na mada.

Kikao changu cha kwanza kilijaa. Nilieleza malengo, nikauliza maswali, nikawashukuru, nikafunga. Hakuna aliyeinuka. Nikafunga tena kwa maneno mengine. Baada ya muda Mwenyekiti alinifuata, akainama kidogo kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba zipu iko wazi.

"Samahani, mwalimu. Meza itawekwa wapi?"

"Meza gani?"

"Ya kusaini."

Nilimweleza kwamba hakuna meza kwa sababu hakuna posho, na hakuna posho kwa sababu mimi si mradi, ni mwanafunzi. Alisikiliza kwa huruma. Kisha akawaeleza wenzake kwa lugha nyepesi zaidi, na ghala likawa tupu kabla sijamaliza kufuta ubao.

Waliobaki kwa wiki zote zilizofuata walikuwa wanne. Mmoja alikuwa msusi mwenye kibanda karibu na stendi, binti wa ulimi mkali ambaye alisema anakuja kupumzisha vidole. Wa pili alikuwa fundi wa pancha aliyekuja kwa sababu ya msusi. Wa tatu alikuwa rafiki wa fundi, aliyekuja kumsindikiza. Wa nne alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, ambaye hakukubali kusikia kwamba kikao cha vijana kimefanyika bila mwenyekiti.

"Mtoto wako yuko sekondari," msusi alimwambia siku moja. "Si umwachie yeye huu ujana?"

"Dada, mimi ujana nimechaguliwa," alijibu. "Wewe umezaliwa nao tu."

Tulifanya kazi vizuri. Mwongozo ulitaka kikundi kijichagulie tatizo lake, na wao walichagua hili: kijana amwambie vipi mtu mzima jambo ambalo mtu mzima hataki kulisikia, bila kumkosea adabu. Tulilijadili hadi likawa na hatua nne. Unaamkia. Unakiri wema wake. Unasema jambo lako kwa sentensi moja. Kisha unanyamaza, na hapo kwenye kunyamaza ndipo kazi ilipo, kwa sababu wengi huanza kujielezea na kuharibu. Tulifanyia mazoezi hatua ya nne kuliko zote. Fundi wa pancha alifikia kiwango cha kunyamaza hadi mimi mwenyewe nikakosa raha.

Lakini wanne hawawi kumi na watano. Nilizunguka gereji, vibanda vya vitunguu na ukumbi wa video nikiwaomba wengine waje siku ya mhadhiri. Waliniitikia shikamoo zangu zote kwa upole, maana nilifikia mahali pa kuwaamkia mimi, wakaniuliza kama kuna chochote. Nikasema hakuna. Wakanitakia heri. Asubuhi ile niliamka nikiwa nimeamua kumwambia mhadhiri ukweli, kwamba kikundi changu ni watu wanne, na kurudi Kilosa kununua mashine ya kusaga.

Mhadhiri alitarajiwa kuja kwa basi kutoka Morogoro. Basi lilikuwa limeharibika, na yeye akapewa lifti na dereva wa mradi wa visima aliyekuwa anaelekea Kilosa, ambako mhadhiri alikuwa na mwanafunzi mwingine mchana. Kwa hiyo alishuka kutoka kwenye gari jeupe lenye antena. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na mkoba wa ngozi.

"Shikamoo, mwalimu," akaniambia.

Hapo palikuwa na ugumu ambao mwongozo haukuutaja. Kumwitikia marahaba mtu aliyekuja kunipima kulinipa hisia ya kujipa alama mwenyewe. Niliitikia, lakini kwa sauti ndogo.

Tulipomaliza kujuliana hali na kugeuka kuingia ghalani, sikuweza kupita mlangoni. Watu walikuwa wanaingia. Waliingia wauza vitunguu, utingo wa malori, wasichana wa mgahawa na aproni zao, na kundi zima la ukumbi wa video ambalo liliacha mkanda katikati. Mwenyekiti, ambaye dakika tano nyuma alikuwa ameketi ndani, alikuwa ametoka mbio kwenda nyumbani. Alirudi amevaa fulana ya malaria na kubeba mfuko wenye fulana nyingine zote, kwa kuwa mada ilikuwa bado haijatajwa.

Niliwahesabu mara mbili. Walikuwa sitini na wanne.

Nilikuwa nimeandaa kikao cha watu wachache kukaa duara. Hakikuhitajika. Nilitaja neno "majadiliano" na wakajigawa katika makundi bila kuambiwa, kila kundi likachagua katibu, na makatibu wakaja kunidai karatasi kubwa na kalamu za rangi. Sikuwa nazo. Mwenyekiti akazitoa kwenye mfuko wake, salio la mradi wa vyoo. Waliorodhesha changamoto, wakaorodhesha mikakati, wakawasilisha, wakapigiana makofi ya kilo. Nguvu zilipopungua, mtu mmoja ambaye sikuwa nimewahi kumwona alisimama na kuongoza mchezo wa kuchangamsha mwili. Mimi nilisimama pembeni kama mgeni rasmi. Mhadhiri aliandika bila kuinua kichwa.

"Ushirikishwaji wa namna hii sijapata kuuona," alininong'oneza.

Mwenyekiti alitoa neno la shukrani. Nikafunga kikao. Hakuna aliyeinuka.

Mhadhiri alisubiri watoke ili aniulize maswali faraghani, kama utaratibu ulivyotaka. Wao walisubiri meza. Nami sikuweza kutoka nikamwacha mgeni, wala kuwatoa watu ambao sikuwaita. Tuliketi. Mtu mmoja alikohoa. Kupitia mlangoni niliwaona vijana wawili wamekaa chini, mmoja ameegemea gurudumu la kulia la gari na mwingine la kushoto, ili mradi usiondoke kwa bahati mbaya. Dereva, aliyekuwa amemaliza ugali wake mgahawani, alipiga honi. Nao hawakusogea.

"Mbona hawaondoki?" mhadhiri akaniuliza kwa sauti ya chini.

Ningeweza kusema kwamba walikuwa na hamu ya kuendelea kujifunza. Alikuwa tayari kuliamini hilo, kalamu yake ilishainuka.

"Wanasubiri posho," nikasema.

Alivua miwani. "Uliwaahidi?"

"Hapana."

"Nani aliwaahidi, basi?"

"Gari, mama. Gari ndilo limewaahidi."

Akaligeukia lile gari akalitazama kwa muda, na antena yake. Kisha akasimama na kuwaeleza kwamba yeye ni mwalimu wa chuo, kwamba gari si lake, amepewa lifti tu, na kwamba hapa hakuna mradi wowote. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili fasaha. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, akainuka.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa alimzidi mama huyo karibu miaka kumi. "Tunakushukuru kwa kuikumbuka Mikumi. Tunaomba nauli." Akanyamaza.

Niliitambua kazi yangu. Ilikuwa imetekelezwa bila kosa. Sitini na wanne wote walinyamaza pamoja naye, na fundi wa pancha alinyamaza kuliko wote.

"Nauli ya kwenda wapi?" mhadhiri akauliza baada ya muda. "Si mnaishi hapa hapa?"

"Nauli ni jina tu, mama."

"Mwenyekiti, kaa chini," msusi alisema kutoka nyuma. "Unamtoa mgeni jasho. Mama, hawa ukiwapa soda wataondoka. Mimi nawajua, ndugu zangu hawa."

Palitokea minong'ono ya kupinga, lakini haikuwa na nguvu, kwa kuwa jua lilikuwa limeshalipasha bati la ghala. Mwenyekiti alishauriana na wenzake kwa macho na kutangaza kwamba kikao kimeridhia soda. Mhadhiri alifungua mkoba, akaenda mwenyewe baa ya jirani. Makreti yalikuja kwa toroli. Mwenyekiti alichukua chupa mbili, moja kama mwenyekiti na nyingine kama mshiriki. Baada ya hapo ghala likawa tupu kama kawaida yake, wakabaki wanne wangu.

Mhadhiri aliketi akiwatazama.

"Kikundi chako hasa ni hiki?"

"Ndicho," nikasema. "Siku zote walikuwa wanne. Wale wengine sikuwaleta mimi."

Akawahoji mmoja mmoja kuhusu hatua zetu. Rafiki wa fundi, ambaye nilidhani muda wote alikuwa amesinzia, alizieleza zote kwa mpangilio. Mhadhiri akafungua mwongozo, akausoma kimya huku dereva akipiga honi kwa mara ya tatu.

"Mwongozo umeandika wahudhurie kumi na watano," alisema. "Wamehudhuria. Haujauliza wamefuata nini."

"Na sharti la kulipa washiriki?"

"Wewe umemlipa nani?"

Sikuwa nimemlipa mtu. Aliyewanywesha ni yeye, na niliona kwamba alikuwa amelifikiria jambo hilo kabla yangu. Akanipa alama za kupita, si za juu, akatia saini na kwenda zake Kilosa, akiwa amechelewa. Kwenye maoni aliandika kwamba mwanafunzi ajifunze kufunga kikao.

Kabla hajapanda gari nilisisitiza nimrudishie fedha za soda. Alikataa, nikasisitiza, tukakubaliana nusu. Soda zilikuwa sitini na tano kwa shilingi mia mbili kila moja, kwa hiyo nusu yangu ilikuwa elfu sita na mia tano. Jioni mwenye baa aliniita kunionyesha kwamba chupa tatu hazikurudi, akanitoza mia mbili kwa kila chupa, nami nikalipa bila kuuliza zilikokwenda. Ada ya kurudia mazoezi ingekuwa shilingi elfu tisini. Nilipofika nyumbani nilimweleza mke wangu hesabu yote, akaikagua kwa vidole na kukubali kwamba ni sahihi: nilikuwa nimeokoa shilingi themanini na mbili elfu na mia tisa.