Kahawa Mdomoni, Meli Bandarini

Kuna siku moja naikumbuka kila simu yako inapolia, mwanangu. Keti kwanza. Tangu asubuhi umekunywa chai umesimama, na kesho tunakwenda Izigo kukuposea.

Nilikuwa kibarua bandarini Bukoba, napakia ndizi melini. Hatukuwa na bosi wala mkataba. Honi ikilia tunakimbia, na aliyewahi ndiye mwenye kazi, kama ninyi wa bodaboda za simu: anayewahi kubonyeza ndiye anayepata abiria. Hata kanisani nilikaa karibu na mlango.

Basi baba yangu akanipeleka Ijuganyondo kumposa mama yako. Tukaletewa kahawa ya kutafuna, kama desturi yetu. Nimeitia tu mdomoni, honi ikalia ziwani. Nikatoka mbio! Baba nikamwacha mkekani peke yake.

Jioni nikarudi nyumbani na furaha yangu, nikamkuta baba hataki hata kunitazama.

"Baba wa binti anasema una mke tayari," akaniambia. "Anaitwa Meli."

Mtaa mzima ulicheka. Mimi niliumia, maana nilimpenda yule binti. Mshika mawili moja humponyoka, na aliyekuwa ananiponyoka ni yeye.

Baba akaomba turudi. Yule mzee, baba wa binti, kwa ujanja wake akachagua siku ya meli. Kahawa ikaja. Honi ikalia. Watu wote wakatazama miguu yangu, nayo, mwanangu, ilitaka kukimbia! Nikashika magoti kwa mikono miwili, nikatafuna ile kahawa mpaka ikawa unga.

"Waitu, mwenzetu, meli itarudi," mzee akasema taratibu. "Binti yangu akishaolewa kwingine, harudi."

Siidharau kazi yako. Kazi mbaya si mchezo mwema, na hata za ofisini siku hizi zinaondoka bila kuaga. Mimi mwenyewe, na uzee huu, nikisikia honi bado nasimama. Ndiyo maana nakusihi: kazi isiyo na saa ya kufunga, ifunge wewe. Iwepo saa ambayo simu ikilia unaiacha ilie, umekaa na watu wako.

Kesho baba mkwe wako hatatazama miguu. Atatazama mkono wako na huo mfuko wenye simu.

Mungu akupe kazi inayokuita kila siku, na mke ambaye, akikuita, hatalazimika kukuita mara ya pili.