Bwana wa Habari za Mvua

Kitabu chenyewe kilitoka mfukoni mwa koti. Nilikuwa nimenunua koti zito la mtumba, la baridi ambayo Mwanza hatujawahi kuiona, nikitaka kulifumua nipate bitana. Nikatia mkono mfukoni, maana kila mnunuzi wa mtumba hutia mkono mfukoni, huwezi kujua Mungu amekuwekea nini. Wenzangu huokota sarafu za kigeni. Mimi nikaokota riwaya ya Kiingereza iliyokunjamana, na kwenye jalada msichana wa zamani amesimama chini ya mti.

Shangazi yangu alikipokea akakisogeza mbali na macho. Yeye ndiye aliyenilea, na kibaraza cha ushonaji tulichokuwa tukifanyia kazi pale Mirongo kilikuwa chake. Hakuuliza kitabu kinasema nini. Alitazama gauni.

"Kiuno kimepanda mpaka kwapani! Fundi wao hakuwa na futi?"

Mama wa chapati, jirani yetu aliyepika pembeni mwa kibaraza, akaja akijifuta unga mikononi. Akasema kwa gauni kama lile mtu angekula pilau mpaka achoke bila kulegeza kitu, na akataka ashonewe la kitenge. Basi kitabu kikawa na mashabiki kabla sijafungua ukurasa hata mmoja.

Nikaanza kuwasomea mchana, wateja wanapopungua. Nilikuwa nasoma Kiingereza kimoyomoyo na kukitoa mdomoni kwa Kiswahili, taratibu, huku cherehani ya shangazi ikikanyagwa. Siwezi kuikumbuka michana ile bila sauti hiyo. Ilikuwa inakwenda, inapumzika, inakwenda tena. Kati ya maghorofa mawili ya upande wa pili tulikuwa tunaona kipande cha ziwa, chembamba, na jua likilipiga kiling'aa mpaka hujui kama ni maji au bati. Wadudu wa ziwani walipanda kwa mbali kama moshi. Nilikuwa nasoma habari za wasichana wanaotembea kwenye majani yenye umande, harufu ya chapati inaingia, na mara nyingine nilisahau kabisa niko nchi gani.

Hadithi ilikuwa nyepesi. Msichana anaishi kijijini na shangazi yake. Bwana mmoja mwenye nyumba kubwa anafika kila siku kunywa chai, na kila akifika anazungumzia mvua. Mvua imenyesha, mvua itanyesha, mawingu yametanda upande ule. Anaaga, anaondoka. Sura nzima inakwisha.

"Jamani, huyu ni mtu wa hali ya hewa?" mama wa chapati aliuliza.

"Anaposa huyo," shangazi alisema, sindano ziko mdomoni. "Hujawahi kuona watu waliokuja kuposa? Wanakaa, wanakunywa soda, wanauliza ng'ombe hawajambo. Atakayetaja binti mapema ndiye hajafundwa."

Na kweli. Nilikuwa nimedhani itabidi niwaeleze mambo ya Wazungu, kumbe wao ndio walionieleza. Walijua kwa nini msichana alimwaga chai. Walijua jirani mmoja wa msichana, mwenye kofia ya manyoya, ni mchonganishi kabla mwandishi hajasema. Ila kosa moja hawakumsamehe yule bwana: kwenye ngoma ya kwanza, alipita mbele ya shangazi wa msichana bila kumwamkia. Hapo mama wa chapati alipiga makofi ya uchungu.

"Hakutoa shikamoo? Kwa shangazi mtu? Ah, amekwisha huyo!"

Mtu pekee aliyemtetea alikuwa baba mmoja wa bandarini. Mjane, mpole, mrefu, mtu wa upande wa Mara, karibu anastaafu. Alikuwa mteja wetu wa suruali. Nasema suruali, si suruali nyingi, maana ilikuwa moja tu, ya kijivu, na upindo wake ulikuwa unafumuka. Anaileta, shangazi anaipinda, anakwenda nayo. Wiki haijakwisha anarudi nayo, upindo unaning'inia.

Sasa elewa jambo moja. Upindo wa shangazi yangu haufumuki. Watu walikuwa wanatoka mpaka Usagara, nje ya mji, kuja kwake kwa sababu hiyo. Nguo ingechakaa, ingekuwa tambara la kudekia, upindo ungebaki. Kwa hiyo mama wa chapati alikuwa na maelezo yake.

"Anaufumua mwenyewe kwa wembe," aliniambia. "Mtazame tu."

Basi nikawa namtazama. Alikuwa anakaa kwenye benchi la wateja, kofia magotini, na kwa sababu hakuwa na la kusema, akawa anasikiliza kitabu. Siku nilipofika kwenye ile ngoma na wanawake wakaanza kelele, akakohoa.

"Huyo bwana hana dharau," alisema. "Ameshikwa na haya. Mtu akiona haya haoni hata aliye mbele yake."

Cherehani ikasimama. "Haya zake zitamsaidia nini?" shangazi akauliza, bila kugeuka. "Mdomo aliumbiwa kunywea chai tu?"

"Pengine anaogopa kukataliwa, dada fundi."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kaka."

Mama wa chapati alinikanyaga mguu. Na kuanzia siku hiyo kitabu kilikuwa na watu wawili waliokuwa wanakizungumza kwa namna yao. Baba wa bandarini angesema bwana yule anajitahidi. Shangazi angesema anajitahidi kama konokono. Baba angesema pengine nyumba yake kubwa inampa upweke. Shangazi angesema nyumba kubwa inafagiliwa na mtu, haijifagii. Wakimaliza hapo wanahamia kwenye mvua yetu wenyewe, kama itanyesha. Mimi nilikuwa nafunga kitabu nachoka nao! Kuna siku nilitaka kupiga kelele: jamani, semeni!

Lakini nilijua tatizo liko wapi, na hili si la kitabuni. Kwetu binti haulizwi uso kwa uso. Wageni wakija kuposa, binti anakuwa chumbani, na anayetumwa kumuuliza ni shangazi yake. Shangazi anaingia, anauliza, anatoka na jibu, na jibu linalohesabika ni lile analotoka nalo. Shangazi yangu alikuwa ameingia vyumbani kuuliza mabinti wa ukoo mzima, wa Kisesa, wa Bujora, wa mjini, tangu akiwa kijana. Alikuwa anajua kuuliza hata binti aliyelazimishwa apate njia ya kusema hapana. Alilea wadogo zake, akanilea mimi, akaozesha watu. Na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuingia chumbani kumuuliza yeye. Nilipokuwa mdogo nilifikiri hataki. Nilipokua nikaona kwamba watu walishamzoea mlangoni, wakasahau kwamba naye anaweza kuwa ndani. Liliniuma sana hilo, na linaniuma hata sasa ninapoliandika.

Vuli ilipokolea, baba wa bandarini akastaafu. Akasema anarudi kwao, kwenye shamba lake kando ya ziwa, na basi lake ni kesho yake asubuhi. Alifika na mvua, suruali ameizungushia gazeti chini ya koti, upindo umefumuka kama kawaida.

"Nataka niivae safarini," alisema.

Shangazi akaipokea akaiweka magotini. Hakuishona. Umeme ulikuwa umekatika, mvua inapiga bati, mji wote umegeuka rangi ya maji, na kile kipande cha ziwa hakikuonekana tena, kama kimekuja kukaa nasi barazani. Nilijua akiondoka hivi hivi, basi. Angekwenda, shangazi angerudi kwenye cherehani, na tungezeeka pale tukizungumzia mvua. Sikuwa na la kufanya. Nikafungua kitabu.

Mungu ana mambo yake. Sura tuliyofikia ilikuwa ile ya bustanini. Mvua inanyesha huko pia, na bwana anamfuata msichana chini ya mti. Nikasoma polepole, kwa sauti ya kushinda bati. Bwana akasema: "Nimezungumza nawe habari za mawingu tangu kiangazi, na sasa mawingu yameniishia. Nikubalie nikae nawe."

Nikaendelea, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Msichana alikumbuka ile ngoma, alikumbuka shangazi yake alivyopitwa kama kiti, akasema hapana. Bwana akainamisha kichwa, akaondoka zake kwenye mvua.

"Ala!" mama wa chapati alisema.

Baba wa bandarini alikuwa anaizungusha kofia yake vidoleni. "Alikosea wapi?" akauliza. "Safari hii amesema."

"Amemuuliza mwenyewe," shangazi akajibu, macho kwenye suruali. "Binti wa watu haulizwi bustanini. Anaulizwa na shangazi yake."

"Sawa." Kofia ikasimama vidoleni. "Na kama anayeulizwa ndiye shangazi?"

Nilisikia chapati ikiungua na hakuna aliyeigeuza. Shangazi akavua futi shingoni, akaiweka juu ya cherehani, akainuka na kuiacha suruali kitini. Nilidhani anaingia ndani kwa hasira. Hatukuwa na chumba pale, tulikuwa na kona ya kujaribia nguo tu, yenye kioo na pazia la maua. Akaingia kwenye kona ile, akavuta pazia akalifunga.

Sikuelewa. Aliyeelewa ni baba wa bandarini. Alisimama wima, akavaa kofia, akaivua tena, akanigeukia mimi.

"Binti," alisema, na sauti ilikuwa inamtoka kwa shida, "naomba ukaulize."

Nikapenya pazia. Nyuma ya pazia shangazi alikuwa ameketi juu ya gunia la vipande vya vitambaa, amejitanda khanga mpaka machoni, kama mabinti wale wote. Yule mwanamke anayegombeza mpaka wauza vifungo! Mikono yake ilikuwa imeshikana magotini. Sikujua nianze wapi.

"Uliza basi," akaninong'oneza kwa ukali. "Huoni wageni wanangoja?"

Nikauliza kama nilivyomsikia yeye akiuliza mlangoni mwa wengine, tangu ningali mtoto. "Mwanangu, kuna mgeni. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Amekuja kwa heri, au tumrudishe?"

Hapo akanishika mkono. "Na wewe utabaki na nani?"

Nilitaka kusema usiende. Ukweli ndio huo, neno lilikuwa tayari mdomoni, na najua angebaki. Nikamwambia nitabaki na cherehani, na mama wa chapati hatanikosesha kelele, na Mara si mwezini. Nilikuwa nalia wakati nasema. Naye alikuwa analia, na pazia lile la maua lilikuwa linatugusa usoni kila upepo wa mvua ukiingia.

"Sijajibiwa," nikasema.

Akajifuta kwa khanga. Akafikiri. Nikamwona anatabasamu, kwenye kioo kwanza.

"Mwambie kitabu kimekosea."

Nikatoka. Baba wa bandarini alikuwa amesimama palepale, na mama wa chapati ameshika mwiko kifuani. Nikasema kwa sauti, kama anavyosema shangazi wa binti akitoka na jibu.

"Anasema kitabu kimekosea."

Alichukua muda kuelewa. Nilimwona akirudi bustanini, chini ya mti, mpaka kwenye ile hapana, halafu akafika. Akakaa kwenye benchi kwa kishindo, mtu mzima yule, akafunika uso kwa kofia. Mama wa chapati akapiga kigelegele kilichosikika ng'ambo ya barabara, na watu waliojibanza kukwepa mvua wakaitikia bila kujua wanashangilia nini.

Baadaye kidogo, kelele zilipotulia, akanyoosha mkono kuichukua suruali yake pale kitini. Ndipo pazia likasogea na sauti ya shangazi ikatoka.

"Mwambie aiache hiyo," alisema. "Leo nitaishona kweli."