Siku Nilipompa Baba Mkwe Injini Isiyo na Breki

Kuna watu wameaibika kwa wakwe kwa kula sana, wengine kwa kusinzia kwa kiti, lakini mimi niliaibishwa na treni ambayo hata haipo, treni ya ndani ya komputa, na mpaka leo nikikumbuka masikio yanachemka, kwa hivyo mkitaka kucheka chekeni, ila mniache nimalize.

Mimi niko na ugonjwa wa michezo ya treni. Si hii mipya inayotaka komputa kubwa, ni ile ya zamani kabisa yenye miti kama karatasi zimesimamishwa, kwa sababu hiyo ya zamani watu huko duniani wameitengenezea njia za reli na injini za kuongezea, mtu anakaa kwake anachora reli anayoipenda halafu anaiweka kwa intaneti, wewe unaichukua bure. Siku moja nikapata kitu sikuamini: reli ya kutoka Kajiado kuteremka mpaka Magadi. (Aliyeichora sidhani amewahi kukanyaga huku, pale Kajiado ameweka miti ya Krismasi na ng'ombe wa madoa meusi na meupe, lakini kona za reli amezipata kabisa.) Nikawa kila Jumapili nikitoka kanisani najifungia kwa nyumba yangu hapa Kitengela na kuiendesha mpaka chai inapoa.

Sasa, mchumba wangu anaitwa Nashipae, na baba yake, Mzee Parsaloi, aliendesha treni kwa reli hiyo hiyo mpaka akastaafu. Huko kwao Kajiado hata watoto wanamwita Dereva. Nashipae akamwambia kuhusu mchezo wangu, na mzee akatuma neno kwamba siku tukienda kujitambulisha nibebe hiyo komputa aone. Nilifurahi nikashindwa kulala. Wakwe wengine wanaulizwa kazi na mshahara, mimi naulizwa reli!

Ningeenda na injini ile nilikuwa nimezoea hakungekuwa na mkasa. Lakini Jumamosi ya kwenda, asubuhi, Nashipae akanitumia picha iliyo ukutani kwao, mzee akiwa kijana amesimama kando ya injini yake, na mimi nikaona, aah, huyu mtu lazima nimpe injini yake mwenyewe. Nikatafuta, nikapata moja inafanana nayo, rangi na kila kitu, nikaingiza haraka haraka huku mama na Uncle Wafula wakinipigia honi nje. Nikaiwasha, ikanguruma. Nikaipa moto, ikaondoka. Nikafunga komputa nikakimbia. Yaani nilijaribu kuondoka, sikujaribu kusimama.

Kwa Mzee Parsaloi tulikuta watu wamejaa: wazee wa kanisa, majirani, na wanaume wawili waliofanya kazi na yeye relini. Tukasalimiana, “Sopa,” “Epa,” mama akajikaza kwa hicho Kimaasai chake cha maneno mawili, tukala, na kabla ya mazungumzo yenyewe ya ndoa mzee akasema, “Kijana, leta ile reli.”

Nikaunganisha komputa na televisheni yao kubwa. Stesheni ya Kajiado ilipotokea, na injini yake imesimama hapo, mzee aliinuka. Alisogeza kiti mpaka karibu, akaketi tena na mkono kwa goti. Nashipae alinifinya kidole. Hapo nilikuwa mfalme.

“Breki ni gani?” mzee akauliza. Nikamwonyesha kitufe. Akaondoka polepole, vizuri kuliko mimi, akitaja kila kona kabla haijafika, “Hapa kuna daraja. Hapa unapiga honi kwa sababu ya mifugo,” na wale wenzake wawili wakiitikia kama wako kanisani. Halafu mteremko ukaanza.

“Na mabehewa matupu, nusu ya breki inatosha,” akawaambia watu, akabonyeza. Treni haikupunguza. Akabonyeza tena. Mwendo ukaongezeka. Mbele kulikuwa na stesheni ndogo tuliyotakiwa kusimama, na baada yake taa nyekundu, na baada ya taa, barabara ikikata reli na lori limesimama katikati.

Mzee akaegemea mbele. Vidole vyake vikaanza kupiga hicho kitufe kama mtu anagonga mlango, na mguu wake wa kulia, hii sitasahau, mguu wake ulikuwa unakanyaga sakafu. Stesheni ikapita. Taa nyekundu ikapita. Hakuna mtu alikuwa anatafuna. Mimi nilijua wakati huo kwamba ile injini haina breki, aliyeitengeneza aliweka sura na sauti na akasahau cha kuisimamisha. Lori likaja, likajaa televisheni nzima, picha ikaganda.

Na Uncle Wafula akacheka. Kicheko chake kile cha tumbo. “Heh! Dereva, na hiyo pensheni walikupa ya nini?”

Watu wawili watatu wakacheka pamoja naye. Mzee akageuka akaniangalia, si kwa hasira, alikuwa ananiuliza kwa macho. Na mimi (sasa aibu yenyewe ndiyo hii, hiyo ingine yote ni mchezo) nikafungua mdomo nikasema, “Labda ulichelewa kidogo kubonyeza, Mzee.”

Akatikisa kichwa mara moja. Akainuka, akachukua rungu yake, akatoka nje.

Nashipae alininong'oneza bila kunitazama. “Ni yeye alichelewa?”

Nikajifanya naangalia televisheni.

“Nakuuliza. Ni yeye?”

“Ni injini. Sikuijaribu.”

“Basi kwa nini uko hapa umekaa?”

Nilitoka. Mzee alikuwa amesimama kando ya zizi, mgongo kwangu. Nikamwambia yote, picha ya ukutani, haraka ya asubuhi, breki, na uongo wangu. Hakugeuka, na mimi nikaanza kupanga vile nitamweleza mama kwamba tunarudi nyumbani.

“Miaka yangu yote,” akasema, “sijawahi kupita taa nyekundu. Hata moja. Wale wawili ndani wanajua. Ndiyo maana niliogopa. Nilidhani ni mikono yangu imezeeka.” Akageuka. “Komputa haijanikasirisha. Uliniona naogopa, na ukaniacha hapo.”

Nikasema pole. Akasema, “Pole si ya hapa nje.”

Kwa hivyo nikarudi ndani mbele yake, nikasimama mbele ya watu wote, mama akiniangalia kama mtu hanijui, nikasema nilimpa Mzee injini mbovu, na nilipoona ameshindwa nikamsingizia. Uncle Wafula alishika kofia yake akaangalia chini, na baadaye akaomba msamaha mwenyewe. Mmoja wa wale wenzake wa relini akaniuliza, kwa ukali kabisa, kama najua dereva anajaribu breki kabla hajatoka stesheni. Nikasema sasa najua.

Mazungumzo hayakufanyika siku hiyo. Tuliambiwa turudi baada ya wiki nne, na hizo wiki nne Nashipae aliongea na mimi kama mtu wa ofisini. Tuliporudi tulipokelewa, mambo yakaenda, na harusi ilipita. Mzee hajawahi kuomba kuiona hiyo reli tena, na mimi sijawahi kumwuliza.

Injini mpya bado naziingiza, siwezi kudanganya. Lakini nimeapa hakuna mtu atashika kitu changu kabla sijakiendesha mwenyewe na kukisimamisha, na nikikosea mbele ya watu nasema hapo hapo ni mimi, hata kama mdomo umekauka, kwa sababu ile dakika moja niliyokaa kwa kile kiti na uongo wangu sitaki kuikaa tena.