Kimo cha Darasa la Pili

"Fundi, mbona umeandika kabla hujanipima?"

Bupe alikuwa na miaka saba alipouliza hivyo. Alikuwa amesimama peku kwenye mkeka wa plastiki, ndani ya banda la Fundi Demetria pale Manzese, mikono kaibana mbavuni kama askari wa gwaride. Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hajibu maswali ya watoto. Akamshika bega, akamgeuza taratibu kuelekea mlangoni, akamwashiria anayefuata aingie.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari. Wiki hiyo kila fundi wa sare anakula amesimama. Watoto kumi na saba walikuwa kwenye foleni nje, mama zao wanaulizana kama shule kweli zinafungua Jumatatu.

Demetria aliletwa Dar na cherehani. Alisoma ushonaji kwa masista huko kwao Mbinga, na masista walimfundisha jambo moja ambalo mafundi wengine wa Manzese hawalifanyi: kabla ya kiuno, kifua na bega, mpime mtu mwili wote, kuanzia utosini hadi kisiginoni, uandike. Alikuwa na kaunta buku nene, kila mtoto na ukurasa wake, kila Januari mstari mmoja. Nurdin, fundi suruali wa banda la pili, hakuchoka kumtania.

"Dema, unashona sare au unachonga majeneza?"

"Nguo inavaliwa na mtu, Nurdin. Haivaliwi na kiuno."

Miaka kumi na minne ya kuandika ilimpa ujuzi ambao hakuna aliyemtuma autafute. Alijua kwamba wa darasa la kwanza, akirudi mwaka unaofuata, huwa ameongezeka inchi mbili na nusu hivi. Ndiyo maana sketi zake ziliachiwa pindo pana. Januari ikifika, anafumua pindo, sketi inashuka, mzazi anashukuru. Na ndiyo maana siku ile, kwa Bupe, namba ilikuja yenyewe. Mwaka uliopita arobaini na moja. Kalamu ikaandika arobaini na tatu na nusu, mkono ukaendelea na kazi.

Sketi ilimzidi. Mama yake, Gladness, karani wa ofisi moja mjini, hakulalamika. "Si mbaya," alisema. "Atakulia."

Januari iliyofuata Bupe akarudi na sketi ileile, pindo halijaguswa. Safari hii Demetria alipima. Arobaini na tatu. Akamwambia mtoto asimame vizuri, akapima tena. Arobaini na tatu. Sasa, mtoto anaweza kuugua, anaweza kukonda, lakini hawezi kupungua kimo. Demetria akailaumu futi kamba. Futi ya kitambaa ikizeeka huvutika, na ikivutika inakudanganya kwamba kitu ni kifupi kuliko kilivyo. Akanunua mpya siku hiyohiyo, akampima Bupe mara ya tatu na ya nne mbele ya Nurdin.

Arobaini na tatu.

"Huyo umemfua na maji ya moto," Nurdin alisema, akacheka hadi akashika meza.

Watoto wa kwenye foleni nao wakacheka. Demetria akaona haya, akaandika arobaini na tatu na nusu, sawa na mwaka uliopita, ili mtoto asionekane kapungua. Hivyo kwenye ukurasa wa Bupe kukawa na namba mbili ambazo futi haikuzisema.

Hata hivyo jambo lile lilimkaa rohoni. Gladness alipokuja kuchukua sare, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Bupe, huyu mtoto pindo lake sijalifumua tangu nilishone."

"Fundi, wewe shona," Gladness alijibu. "Sie ukoo wetu wafupi. Bibi yake alikuwaga hivihivi."

Demetria akamkunjia sare. Kumwambia mtu kwamba mwanawe hakui ni kama kumtupia mtoto jicho baya, na yeye watoto wa watu ndio waliokuwa wakimlisha.

Bupe alipofika miaka tisa, mdogo wake Brightson, waliyepishana miaka miwili, akampita kwa kichwa. Mtaani wakaanza kumwita "mdogo wake Brightson", na yeye akaanza kuvaa mashati yaliyombana mdogo wake. Hapo Gladness hakusubiri tena. Alikwenda kwa daktari wa watoto, Dokta Zahabiya, mwanamke mpole mwenye kuongea haraka. Daktari alimpima Bupe: inchi arobaini na nne. Kisha akaomba rekodi. Kadi ya kliniki iliishia miaka mitano.

"Hakuna mahali popote alipowahi kupimwa urefu baada ya hapo?"

Gladness akakumbuka kaunta buku.

Alikuja Manzese akaupiga picha ule ukurasa kwa simu. Demetria alimshikia daftari lisijikunje. Namba zote alikuwa anaziona, zile mbili zikiwemo.

Siku nne baadaye Gladness alirudi, akakaa kwenye benchi la wateja bila kuleta nguo yoyote.

"Daktari ameona namba zako," alisema. "Anasema mtoto alikua vizuri mpaka miaka saba, halafu akasimama ghafla. Mtoto akisimama ghafla, wanaangalia kama kuna kitu kimeota kichwani, karibu na tezi ya kukuza." Alikunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Uvimbe, fundi. Anataka apigwe picha ya kichwa haraka."

Mguu wa Demetria ulikuwa bado kwenye pedali. Wazazi wa Manzese walimletea watoto kwa sababu moja tu, kwamba kipimo chake hakidanganyi. Akisema, jina limekwenda. Asiposema, mama wa watu ataendelea kutetemeka kwa uvimbe ulioota kwenye kalamu, na daktari atatafuta ugonjwa kwa ramani ya uongo.

"Kesho nakwenda na wewe," alisema.

Kwa daktari hakuzunguka. Alisubiri waketi, akasema, "Daktari, humo namba mbili si za kweli. Niliziandika mie kwa mazoea."

Gladness aligeuka akamtazama.

"Za kweli ni zipi?" daktari aliuliza.

"Ya darasa la tatu ni arobaini na tatu. Hiyo naapa, nilipima mara nne. Ya darasa la pili sijui. Sikupima."

Daktari akachukua karatasi, akaweka nukta: arobaini na moja, akaacha nafasi, arobaini na tatu, kisha arobaini na nne. Akaziunganisha. Mstari ulinyooka, ukapanda kivivu.

"Huyu hakusimama," alisema. "Anakwenda polepole tangu zamani. Picha tutapiga, ni utaratibu, lakini ile haraka yangu imepungua. Kwanza tupime homoni, atolewe damu mara kadhaa."

"Siku nne sijalala," Gladness alisema, hakumtazama tena Demetria. "Siku nne, kwa ajili ya kalamu yako."

Demetria hakujitetea. Aliuliza kwa nini damu isitolewe mara moja tu, palepale, mambo yakaisha.

"Kwa sababu homoni ya ukuaji haitoki mfululizo kama maji ya bomba," daktari alisema. "Inatoka kwa mafungu. Fungu kubwa hutoka mtoto akiwa kwenye usingizi mzito. Nikikutoa wewe damu saa hii naweza kukuta karibu na sifuri, na wewe mzima wa afya. Kipimo kimoja cha mchana hakisemi kitu."

"Anayeamua itoke ni nani?"

"Ubongo. Chini yake imening'inia tezi ndogo kama punje ya mbaazi, pituitari. Hiyo ndiyo inayotoa homoni. Juu yake kuna sehemu ya ubongo inaitwa haipothalamasi, inayotuma wajumbe wawili. Mmoja anasema toa, mwingine anasema zuia. Hata tumbo likiwa na njaa linapeleka wa kwake wa kusema toa. Homoni ikifika kwenye ini, ini linatoa ujumbe wake kwenda kwenye mifupa, na ujumbe huohuo unarudi juu kuuambia ubongo: imetosha, punguza."

Demetria alifikiri kidogo. "Kama cherehani ya miguu. Mguu unasukuma, kiganja kwenye gurudumu kinazuia."

"Karibu hivyo. Ila hapa mshono nao unamrudia fundi kumwambia apunguze mwendo."

Bupe alipimwa asubuhi ya Jumanne, hajala kitu. Alipewa dawa ya kuigutusha tezi, akatolewa damu kila nusu saa. Chupa zilijaa moja moja, na homoni ilipanda kidogo mno. Picha ya kichwa haikuonyesha uvimbe. Ilionyesha tezi ndogo kuliko kawaida. Dawa yenye homoni hiyo ilipatikana baada ya miezi mitano ya barua za kuiomba, sindano moja kila jioni. Mwaka wa kwanza Bupe aliongezeka inchi nne.

Habari za daftari zilizunguka Manzese, kama Demetria alivyojua zingezunguka. Baadhi ya akina mama walihama. Nurdin aliacha utani kwa mwezi mzima, jambo lililomuuma Demetria kuliko utani wenyewe. Gladness naye alihamia Bunju na familia yake, na miaka kadhaa sare za Bupe zikashonwa huko.

Kisha Januari moja, msichana wa kidato cha tatu aliingia bandani, akavua viatu bila kuambiwa, akasimama kwenye mkeka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Demetria alimtazama, akapanda kwenye kigoda ili aufikie utosi. "Sitini na nusu," alisema kwa sauti, ndipo akaandika.

"Fundi, kuna swali langu hukuwahi kulijibu. Mbona siku ile uliandika kabla hujanipima?"

Demetria aliweka kalamu chini. Safari hii mdomoni hakuwa na pini.

"Kwa sababu nilikuwa nimeshawapima wenzako," alisema. "Nikadhani nimekupima na wewe."