Amani ya Mtungini

Kila nikifunua mtungi hapa kwetu Shika Adabu, ile harufu ya udongo baridi hunirudisha kwenye nyumba ya tope katikati ya mitende, jangwani. Baba alikuwa akisoma Misri, na rafiki yake Mberberi akatualika kwao. Tulifika midomo imetukauka. Mamake yule rafiki, bibi asiyejua Kiarabu, akaniinamia na kuuliza, “Aman?”

Nami, mtoto wa Pwani niliyefunzwa kuitikia wakubwa, nikaweka mkono kifuani. “Amani, bibi.”

Akanipa maji. Nilipomaliza akauliza tena, nami nikaitikia tena. Tumbo lilipojaa kama ngoma ndipo rafiki wa baba alipotueleza kwamba kwa lugha yao neno hilo ni maji. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, na tangu siku ile nyumbani kwetu maji hayana jina jingine.

Leo baba yuko kitandani, na majirani wamekuja kumtazama. Amefungua macho, akasema polepole, “Amani.”

“Amani, mzee wetu,” wakaitikia wote, na mmoja akaanza kulia.

Mimi nikachukua kata, nikaenda mtungini.