Gari la Majani Lilipomleta Nyumbani

Darasani sikukaa sana. Pikap yangu niliinunua kwa majani chai na maziwa, nikajiunga na kile chama cha wenye magari cha taifa, kwa sababu sikutaka nikikwama barabarani nianze kuomba watu wanivute. Mke wangu alikuwa akitazama kibandiko cha chama kwenye kioo na kunicheka: "Hicho unakilisha ada kila mwaka, na maziwa hakitoi."

Lakini alipolazwa hospitali ya Longisa, akajua hatoki, alinishika mkono. "Unirudishe na gari yetu. Usinikodie gari ya watu."

Nikamwambia ndiyo.

Basi tukamtoa mochari asubuhi, jeneza nyuma ya pikap, mimi kwenye usukani, kaka yake kando yangu. Bomet tulipita vizuri. Kwenye mlima wa kuelekea kwetu Kimulot injini ikachemka, ikazima. Nikapigia chama simu. Sidanganyi, walikuja upesi, gari la kuvuta na fundi mmoja mwenye heshima. Akafungua boneti, akainama, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii ni ya kuvutwa tu. Lakini nikivuta, huko nyuma hakukai mtu."

"Huyo hakai. Amelala."

Akavua kofia. "Pole sana, baba. Hata mwili, sheria yetu haikubali."

"Mimi ni memba!"

"Wewe ndiyo, baba."

Kaka ya mke wangu akanivuta kando. "Shemeji, kaburi liko wazi na mvua ile pale. Unataka dada yangu azikwe kwa matope sababu ya gari?"

Nilimtukana. Aliniacha nimalize.

Hapo ndipo lori la majani lilipopanda, tupu, likielekea vituo vya kununulia chai. Dereva alisimama. Alikuwa amebeba magunia ya mke wangu miaka mingi. Alipoona jeneza alichukua ufagio akafagia sakafu ya lori lake, kona zote. Tukampandisha mke wangu. Fundi naye alishika upande mmoja. Pikap nikamwachia yeye, nikaketi chini kando ya jeneza, nimelikumbatia lisiteleze.

Kati yetu hakuna aliyekumbuka kupigia watu wa nyumbani simu. Wao walikuwa wanangojea pikap. Walipoona lori, hakuna aliyesimama, wanawake wakaendelea kumenya viazi. Dada mdogo wa mke wangu akatoka mpaka getini, anapunga mkono kwa hasira.

"Pita, pita! Leo hapa hatuuzi majani! Huoni tuko na matanga?"

Dereva akazima injini. Nikainua kichwa juu ya ubao wa lori. Aliponiona, mkono wake ukabaki hewani.

"Mzee, unafanya nini huko? Na yeye mmemwacha wapi?"

Nilitaka kueleza mambo ya injini, ya chama, ya sheria. Nikaweka kiganja juu ya jeneza.

"Yuko hapa," nikasema. "Fungua geti."